Uyoga wa pinusi: ndugu wawili wanaowachanganya wafanyabiashara wa mpakani

Kwa mfanyabiashara wa mpaka wa Gisenyi na Goma, bidhaa nyingi hazina fumbo. Kiazi ni kiazi, karoti ni karoti, na maziwa yaliyoharibika hujitangaza yenyewe kwa harufu. Uyoga ni habari nyingine kabisa. Unaweza kushika mkononi aina mbili zilizoota chini ya mti mmoja, zenye rangi zinazokaribiana na utelezi mmoja, ukaapa kuwa ni kitu kimoja, kumbe ni viumbe viwili tofauti. Na pale mnunuzi wa upande wa pili anapoijua tofauti usiyoijua wewe, mtaji wako unabaki mezani kwake.

Jambo hilo lilimpata mama mmoja, jirani yangu hapa Gisenyi, wakati wa mvua za umuhindo, zile za kuanzia Septemba hadi Desemba. Alinunua uyoga mkavu kwa wachuuzi wawili wanaoteremka kutoka milima ya upande wa Gishwati, akauchanganya katika gunia moja na kuvuka nao Barrière Ndogo. Mteja wake wa Goma, ambaye hupeleka vyakula kwenye hoteli, alimwaga gunia juu ya turubai, akachambua kwa vidole, kisha akasema: “Mama, hii buyoga iko ya namna mbili. Moja naizoea. Ingine siijue.” Akakataa gunia zima.

Pesa ya mzigo ule ilitoka kwenye ikimina, na siku ya kurejesha ilikuwa imebaki wiki moja. Mama akaja kwangu jioni na gunia lake. “Mwalimu,” akaniambia, “wewe umesomea Tanzania, na huko watu wanakula uyoga sana. Nisaidie kujua, nilikuwa napeleka chakula au sumu?”

Ni swali zito, tena wapo wengi wenye swali kama hilo ila hawana wa kumwuliza. Ndiyo maana nimeona nilijibu hapa gazetini, ili linufaishe na wengine wanaonunua, wanaouza na wanaopika uyoga wa pinusi.

Tuliyojifunza uhamishoni

Nilizaliwa Mwese, katika wilaya ya Mpanda, Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi wa Kinyarwanda yaliyoanzishwa miaka ya 1960. Shule yote niliyosoma utotoni niliisomea huko, kwa Kiswahili, hadi tuliporudi nyumbani mwaka 1996. Mwese imezungukwa na misitu ya miyombo, na mvua za kwanza zikinyesha, wenyeji huingia porini na vikapu. Sisi watoto wa wakimbizi tuliwafuata nyuma, tukajifunza kwa macho: huu wa njano wenye umbo la tarumbeta unaliwa, ule unaotoa maziwa ukikatwa unaliwa, huu mweupe uache.

Lakini kulikuwa na kundi moja ambalo akina mama wa kule hawakuligusa. Ni uyoga ambao ukigeuza kofia yake hukuti mikunjo iliyopangana kama kurasa za kitabu, bali unakuta vitundu vidogo vingi, kama sponji ya kuogea. Waliuruka, wakaendelea na safari.

Kwa hiyo wengi wetu tuliotoka Tanzania, Burundi, Uganda au Kongo tulirudi na elimu ya uyoga wa kule tulikolelewa. Elimu hiyo ni ya thamani, lakini ina mipaka yake. Uyoga wa miyombo hauoti Gishwati, na uyoga wa pinusi hatukuukuta Mwese. Hata majina yanatupotosha. Mrundi akisema “ubwoba” anamaanisha uyoga, na ndivyo mtaalamu Bart Buyck alivyokiita kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu uyoga unaoliwa magharibi ya Burundi. Mnyarwanda akilisikia neno hilo hilo anaelewa hofu. Kwa uyoga usioujua, nadhani maana zote mbili zinafaa.

Wageni waliokuja na udongo

Pinusi, ambayo vitabu vya Kiswahili huiita misonobari na Watanzania wengi huiita mipaini, si mti wa asili wa kwetu. Misonobari yote ya asili ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Aina moja tu, ya Sumatra, ndiyo inayovuka mstari wa ikweta kwa asili yake. Pinusi inayoitwa Pinus patula, ambayo imepandwa sana katika milima ya Afrika Mashariki, asili yake ni Mexico.

Miti hiyo ilipoanza kupandwa katika nchi nyingi za Afrika, wataalamu wa misitu walikutana na ajabu. Mbegu ziliota vizuri kitaluni, kisha miche ikadumaa, ikageuka njano na kufa. Haikusaidia kumwagilia zaidi. Dawa ilikuwa udongo. Ulipochukuliwa udongo kidogo kutoka mahali ambapo pinusi zilikwisha kukomaa na kuchanganywa kitaluni, miche ikachangamka. Ndani ya udongo ule mlikuwa na nyuzi nyembamba za uyoga.

Nyuzi hizo huvika ncha za mizizi kama soksi. Uyoga huchota maji na madini, hasa fosforasi, kutoka mbali ambako mzizi haufiki, na kuyapeleka kwenye mti. Mti nao huulipa uyoga kwa sukari unayoitengeneza majanini kwa nguvu ya jua. Ni biashara ya mali kwa mali, na kila upande hufilisika ukiachwa peke yake. Mapatano ya namna hiyo yapo hata katika miyombo ya Tanzania, ila uyoga wa miyombo si uyoga wa pinusi.

Kile tunachokiokota juu ya ardhi wakati wa mvua ni kama tunda tu. Mwili wenyewe uko chini, umeshikamana na mizizi. Ndiyo sababu mtu akikuambia ameokota uyoga huu shambani kwenye mahindi, mbali na pinusi yoyote, umuulize mara mbili.

Pamoja na pinusi, basi, walikuja wageni wengine ambao hakuna aliyewaandika katika daftari la mizigo. Wawili kati yao ndio mada yetu ya leo. Wataalamu huwaita Suillus luteus na Suillus granulatus. Wote wawili walipewa majina na Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1753, akiwaweka katika kundi la Boletus. Mwaka 1796 wakahamishiwa kundi la Suillus, neno la Kilatini linalohusiana na nguruwe. Luteus maana yake ni wa njano, na granulatus ni mwenye chembechembe. Kwa kuwa hatuna majina ya Kiswahili yaliyozoeleka, katika makala hii nitamwita wa kwanza “mwenye pete” na wa pili “asiye na pete”. Msomaji ataona sababu.

Wanavyofanana

Tuanze na undugu. Wote huota chini ya pinusi, mara nyingi kwa makundi, baada ya mvua kulowesha ardhi. Wote wana kofia yenye ngozi inayoteleza, kana kwamba mtu ameipaka uji wa bamia. Mvua ikinyesha huteleza zaidi. Jua likiwaka hukauka na kung’aa, na majani ya pinusi hunasa juu yake.

Wote wana vitundu vya njano chini ya kofia, si mikunjo. Nyama yao ya ndani ni nyeupe au njano hafifu, na ukiikata haigeuki kuwa ya buluu. Wote wanapozeeka huwa laini kama mkate uliolowa, na funza huwahi kuingia kabla ya mwokotaji. Mkubwa katika kila aina huwa na kofia ya upana wa sentimita kumi hivi, lakini wengi ni wadogo zaidi ya hapo.

Mtu akiwatazama kutoka juu tu, kama wanavyokaa kwenye beseni la muuzaji, ni rahisi kuwachanganya. Tofauti ziko chini.

Wanavyotofautiana

Tofauti ya kwanza na kubwa ni pete. Mwenye pete anapokuwa mchanga, chini ya kofia yake kuna utando mweupe unaofunika vitundu vyote, kama kitambaa kilichofungwa mdomoni mwa chungu. Kofia inapopanuka utando huchanika, na sehemu yake hubaki imezunguka shina. Pete hiyo huwa nyeupe kwanza, kisha upande wake wa chini huchukua rangi ya zambarau au kahawia iliyoiva. Asiye na pete hana utando wala pete katika umri wowote.

Tofauti ya pili ni machozi. Mgeuze asiye na pete akiwa mchanga, utaona kwenye vitundu matone madogo ya maji meupe kama maziwa. Matone hayo yakikauka huacha vidoa vyeusi au vya kahawia. Mwenye pete hatoi matone ya namna hiyo, na tena akiwa mchanga vitundu vyake havionekani kwa sababu ya utando.

Tofauti ya tatu ni rangi ya kofia. Mwenye pete mara nyingi ni kahawia iliyokolea kama chokoleti, na mistari hafifu inayotoka katikati kwenda pembeni. Asiye na pete huelekea rangi ya mdalasini au kahawia nyekundu, na hupauka kadiri anavyozeeka. Lakini rangi usiifanye shahidi mkuu. Mvua, jua na umri huibadilisha.

Tofauti ya nne inahitaji tahadhari, kwa sababu inawapotosha hata wazoefu. Asiye na pete ana chembechembe ndogo juu ya shina, hasa karibu na kofia, na ndiyo asili ya jina lake. Wengi wakiona chembechembe husema, huyu ndiye. Hapana. Mwenye pete naye anazo, katika sehemu ya shina iliyo juu ya pete. Na pete inaweza kung’oka kwa mvua kubwa, kwa konokono au kwa mikono ya mwokotaji. Kwa hiyo ukikuta shina lenye chembechembe bila pete, tafuta alama ya mahali pete ilipokaa, tazama ukingo wa kofia kama una mabaki ya utando, na tazama wachanga walioota jirani. Ushahidi wa alama moja hautoshi.

Hata wanasayansi walichukua muda mrefu kuelewana juu ya hawa ndugu. Kwa miaka mingi uyoga fulani wa mashariki ya Marekani uliitwa Suillus granulatus. Mwaka 2016 watafiti waliopima vinasaba walionyesha kuwa uyoga ule wa Marekani ni aina yake peke yake, wakautenga kwa jina la Suillus weaverae. Kama wenye maabara waliweza kuwachanganya hawa na jamaa zao, mama wa sokoni asionewe haya.

Jikoni nani bora?

Wote wawili huliwa katika nchi nyingi. Mwenye pete ndiye maarufu zaidi kibiashara: huko Chile huokotwa chini ya mashamba makubwa ya pinusi, hukaushwa na kusafirishwa nje, na katika milima ya Ecuador pia watu wa vijijini wamefanya biashara yake. Lakini tusidanganyane kuhusu bei. Uyoga huu si yule Boletus edulis ambaye Wazungu humlipia pesa nyingi na ambaye naye huota chini ya pinusi huko Afrika Kusini. Ni ukoo mmoja kwa mbali, daraja tofauti. Mfanyabiashara akiambiwa kuwa pinusi za Gishwati zina dhahabu, aulize kwanza ni dhahabu gani.

Kwa ladha, mwenye pete na asiye na pete wanakaribiana: ladha ya upole, nyama laini, hufaa kwenye mchuzi na supu kuliko kukaangwa pekee. Kwa hiyo kinachoamua ubora ni umri na usafi. Mchanga mgumu wa aina yoyote ni bora kuliko mzee aliyelegea wa aina nyingine.

Kazi kubwa iko kwenye ngozi. Ngozi ile inayoteleza lazima ibanduliwe, kwa sababu ndiyo inayowasumbua watu wengi tumbo na kuwaharisha. Siku ya jua ni rahisi: unaingiza kisu pembeni mwa kofia na kuivuta kuelekea katikati. Kama vitundu vimelegea, navyo viondolewe. Kisha uyoga upikwe hadi uive kabisa. Usiliwe mbichi wala nusu mbichi. Hata hivyo wapo watu ambao matumbo yao hayaupatani kabisa hata ukipikwa vizuri. Anayekula kwa mara ya kwanza ale kidogo, asubiri hadi kesho yake, na asimpe mtoto mdogo.

Tena usiokote kandokando ya barabara yenye magari mengi wala karibu na majalala. Uyoga hufyonza madini mazito kutoka ardhini na kuyahifadhi mwilini mwake, na kuosha hakuyatoi.

Ukikauka, ushahidi hupotea

Sasa turudi kwenye gunia la jirani yangu, maana hapa ndipo penye somo la biashara.

Uyoga mbichi una maji karibu sehemu tisa katika kumi. Kwa hesabu ya haraka, kilo kumi za uyoga mbichi hukupa kilo moja ya mkavu. Ndiyo maana wafanyabiashara huupenda mkavu: mwepesi kubeba, hauozi njiani, na mpaka ukifungwa ghafla unaweza kusubiri. Lakini maji yakitoka, alama nazo huondoka. Pete hujikunja na kubaki kama uzi mweusi. Matone ya maziwa hayapo tena. Rangi ya mdalasini na rangi ya chokoleti zote huishia kwenye kahawia nyeusi. Na kama kofia zimekatwa vipande na mashina yametupwa, hakuna mwalimu wala mtaalamu atakayekuapia kwa macho kuwa kila kipande ni cha nani.

Tulikaa na mama yule chini ya taa tukachambua. Vipande vingi vilikuwa na vitundu, na katika baadhi ya mashina tuliona mabaki ya pete. Mengine hayakuwa nayo. Hadi hapo ningeweza kumwambia kuwa ni hawa ndugu wawili na kwamba hakuna ubaya. Lakini tulikuta pia vipande vichache vilivyovunjika sana, na viwili kati yake vilionekana kuwa na mikunjo badala ya vitundu. Nikamwambia ukweli: gunia hili siwezi kulithibitisha, na kitu ambacho hakithibitiki hakiuzwi kama chakula.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama hatuwezi kutoa vile viwili tu, tukabaki na vingine. Nilimwelewa, maana pesa ya ikimina si yake peke yake. Nikamjibu kuwa tulivyoviona ni viwili, tusivyoviona hatujui ni vingapi. Kesho yake alilimwaga gunia kwenye shimo la mbolea. Deni alililipa baadaye kwa karoti, kidogo kidogo, baada ya kuomba wenzake wamwongezee wiki tatu.

Siku hizi hanunui mkavu kwa mtu. Hununua mbichi, mzima na shina lake, anaugeuza mmoja mmoja, anatenga wenye pete na wasio na pete kwenye mabeseni mawili, kisha anabandua na kukausha mwenyewe. Mteja wa Goma alikubali kuonyeshwa mabeseni yote mawili kabla ya kukaushwa, na tangu hapo hakuna gunia lililorudishwa.

Undugu si dhamana

Kwa nini vipande viwili vyenye mikunjo vilinitisha? Kwa sababu uyoga unaoua zaidi duniani, wa kundi la Amanita, una mikunjo chini ya kofia. Baadhi ya jamaa zake nao wamesafiri na miti ya kigeni na kufika Afrika. Yule mwenye kofia nyekundu na madoa meupe, Amanita muscaria, ameonekana chini ya pinusi katika nchi mbalimbali za kusini mwa bara hili. Mbaya kuliko wote ni Amanita phalloides. Aliyemla huwa hasikii kitu kwa saa sita au zaidi. Kisha huanza kutapika na kuharisha vibaya, halafu hupata nafuu ya uongo, watu wa nyumbani wanashukuru Mungu, kumbe ini linaharibika. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha, kukausha wala kukaanga.

Watu wengine hujitetea kwa vipimo vya wazee: ukimwona mdudu ameula, ni salama, ukipika na kitunguu kisigeuke rangi, ni salama. Vipimo hivyo ni vya hatari. Konokono hula uyoga unaomuua binadamu bila kudhurika, na kitunguu hakijui kitu.

Na usidhani kuwa kumjua ndugu mmoja kunakupa dhamana ya ukoo mzima. Yuko uyoga uitwao Paxillus involutus, ambaye wataalamu wanamweka katika oda moja na hawa wenye vitundu, ingawa yeye ana mikunjo. Ulaya ya Mashariki watu walimla miaka mingi. Mwaka 1944 Mjerumani Julius Schäffer, aliyekuwa mtaalamu wa uyoga, alimla na akafa. Baadaye ikajulikana kuwa uyoga huo unaweza kuufanya mwili wa mlaji uharibu damu yake wenyewe, hata kama ameula mara nyingi bila tatizo. Hata kati ya wenye vitundu wapo wenye sumu ya tumbo, hasa baadhi ya wale wenye vitundu vyekundu. Kwa hiyo vitundu peke yake visikupe usingizi.

Mtu akiugua baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ameanza kupata nafuu, na mabaki ya uyoga yabebwe, yaliyopikwa na mabichi. Mabaki hayo yanaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo ya watu kumi.

Mti ukiondoka, uyoga unaondoka

Sisi tuliorudi tunalo la kujiuliza zaidi kuhusu Gishwati. Msitu ule wa asili ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Miaka ya 1980 sehemu kubwa ilifanywa malisho ya ng’ombe na mashamba ya pinusi katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Baada ya 1994, watu waliorejea na waliokosa makao walitafuta mahali pa kulala na kulima, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wa asili ulikuwa umebaki kama hekta 600. Mwaka 2015 ilipitishwa sheria ya kuanzisha Mbuga ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na mwaka 2020 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya bayoanuwai.

Milima iliyovuliwa miti hulipa kisasi taratibu. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa iliangusha ardhi na kufurisha mito magharibi na kaskazini ya nchi. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha, na Mto Sebeya uliingia majumbani mwa watu hapa Rubavu. Sisemi kuwa sababu ni moja. Lakini hakuna mwenye mlima hapa ambaye hajui mti unashika nini.

Pinusi yenyewe si malaika. Huko Coyhaique, kusini mwa Chile, watafiti walionyesha mwaka 2015 kuwa huyu huyu mwenye pete, peke yake, anatosha kuiwezesha pinusi kuvamia ardhi ambayo haikupandwa. Kwa hiyo asitokee mtu akasema tupande pinusi kila mahali kwa sababu ya uyoga, wala mtu asiingie kuokota ndani ya mbuga ya taifa bila ruhusa. Ninachosema ni kidogo tu: penye shamba la pinusi lililokwisha kukomaa, juu ya mteremko, uyoga ni mavuno yanayopatikana mti ukiwa umesimama. Mkaa huuzwa mara moja. Beseni la uyoga hurudi mvua zikirudi, mradi mizizi ipo.

Kwa wanaofanya biashara hii, muhtasari wangu ni huu. Nunua mbichi wenye shina. Geuza kila mmoja. Pete na utando ni wa ndugu mmoja. Matone ya maziwa bila pete ni ya mwingine. Wenye mikunjo usiwaingize kwenye beseni hili kwa bei yoyote. Bandua ngozi, kausha kila aina peke yake hadi kipande kivunjike kwa mlio, kihifadhi pasipopita unyevu, na umwambie mnunuzi bila kuficha kilichomo. Usichokitambua kiache pale pale chini ya mti; hakitakudai chochote.

Na kwa anayetaka kula uyoga bila mashaka yote haya, ipo njia fupi. Uyoga wa kulimwa, ule mweupe au wa kijivu unaoota kwenye mifuko ya mabua na nyasi, umeenea Rwanda, na kituo cha kilimo cha Huye kilichojengwa kwa msaada wa China kimefundisha watu wengi kuuotesha. Huo hauna pete, hauna machozi, na hauhitaji mwalimu wa kuuchambua usiku chini ya taa.